Kabla hujaagiza hedifoni za kuuza, soma hii: mzigo wa bei chee ulivyonifundisha adabu

Leo tuongelee bidhaa ambayo karibu kila mtu anayeuza vitu vya simu mtandaoni anaanza nayo: hedifoni. Nikisema hedifoni namaanisha zote, za waya, za shingoni, podi na zile kubwa za kuvaa kichwani. Ni ndogo, hazioezi, zinaingia kwenye bahasha, bodaboda anapeleka, na kila mwenye simu anazihitaji. Ndiyo maana tunazikimbilia. Na ndiyo maana wengi tunapigwa.

Mimi nina kaduka hapa Musoma, ila wateja wengi nawapata kwenye status ya WhatsApp na kwenye makundi ya Facebook. Natuma mpaka Bunda, Butiama, Kiabakari, Buhemba, na kuna mtu ananiagizia mpaka Buswahili. Sijasomea biashara popote. Nilimaliza kidato cha nne nikaingia mtaani. Haya ninayoandika nimeyajua kwa kulipia hasara.

MZIGO WA KWANZA

Niliagiza hedifoni za waya vipande 100 kutoka kwa muuzaji wa jumla Kariakoo. Picha alizonitumia ni nzuri, boksi linang'aa, limeandikwa maneno makubwa makubwa. Kila moja 1,300. Jumla 130,000, na kusafirisha kwa basi mpaka stendi ya Bweri 7,000. Nikaweka status: "Hedifoni kali, besi nzito, 3,500 tu." Wiki tatu nikawa nimeuza 64. Hiyo ni 224,000 mkononi. Nikajiona tajiri kabisa.

Halafu meseji zikaanza. "Upande mmoja hausikiki." "Kaka hii inakatakata." "Ukiigusa inapiga kelele." Mwanzoni nilikuwa najibu vile tunavyojibu wengi: "Pole sana, labda umevuta waya." Nikawa nawalaumu wateja.

Siku moja asubuhi akaja mzee dukani. Ametoka Butiama, amepanda gari, kashika ile hedifoni kaiviringisha vizuri ndani ya karatasi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akasema anaitumia kwenye kitochi chake kusikiliza redio usiku ili asimsumbue mama. Imekufa siku ya tisa. Nikaanza kumpa ile hadithi yangu ya kuvuta waya. Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia, "Mwanangu, sikuja kudai hela. Nauli niliyotumia ni kubwa kuliko hiki kidude. Nimekuja ili ujue unachouza."

Sikuwa na jibu. Alipoondoka nikachukua wembe nikapasua ule waya karibu na jeki. Ndani nilikuta vinyuzi vyembamba kama nywele, vichache vya kuhesabu, vimekatika palepale waya unapoingia kwenye jeki. Nikapasua nyingine mbili zilizorudishwa. Zimekatika palepale. Kumbe wateja hawakuvuta chochote, waya wenyewe haukuwa na uwezo wa kukunjwa mara mia.

Nikaandika status nyingine: aliyenunua kwangu na imeharibika alete, nitarudisha hela. Zikarudi 27. Nikalipa 94,500. Zilizobaki 36 nikazijaribu moja moja, na 11 zilikuwa mbovu ndani ya boksi kabla hata ya kuuzwa. Zile 25 zilizopona nikaziuza 2,000 nikiwaambia watu ukweli kwamba hizi ni za muda mfupi. Piga hesabu: 129,500 niliyobaki nayo, jumlisha 50,000, ni 179,500. Toa 137,000 ya mtaji na usafiri, inabaki 42,500. Humo ndani toa bando, toa bodaboda niliokuwa nawalipa mwenyewe kufuata na kupeleka za kurudishwa. Nimefanya kazi karibu miezi miwili bure.

Mzigo wa pili nilichukua vipande 30 tu. Kila kimoja 5,000, usafiri 5,000, jumla 155,000. Nikauza 10,000. Wengine walininunia: "Umepandisha bei mura!" Nikawaelewesha. Miezi miwili zikaisha. Mbili nilibadilisha, kwa hiyo niliuza 28, sawa na 280,000. Faida 125,000. Vipande 30 vimenilipa kuliko vipande 100, na simu yangu haikuwa inaita kwa malalamiko.

Bei hizo ni za kwangu, kwako zinaweza kupishana. Lakini njia ya kuhesabu ni hiyohiyo: faida ya kweli ni ile inayobaki baada ya marudisho.

MJUE MTEJA KWANZA, HEDIFONI BAADAYE

Kosa kubwa ni kuuza hedifoni moja kwa kila mtu. Kwetu huku wateja wangu wako hivi:

1. Mtu wa kitochi. Anataka redio na mpira. Simu nyingi za namna hii zinatumia waya wa hedifoni kama antena ya redio ya FM. Bila waya kuchomekwa, redio haishiki vizuri au haifunguki kabisa. Huyu ukimuuzia podi umemuibia. Mpe ya waya, ndefu, yenye jeki imara.

2. Mvuvi wa Mwigobero na wa mialoni. Anashinda majini, mikono imelowa, mfuko umelowa. Podi ikiteleza imeenda ziwani hiyo. Mpe ya waya ya bei ya kati au ya shingoni inayovumilia maji.

3. Bodaboda, fundi ujenzi, mchimbaji wa Buhemba. Jasho na vumbi. Ya shingoni inamfaa, maana akiitoa sikioni inabaki inaning'inia shingoni, haipotei. Ila bodaboda mwambie kabisa: ukiwa barabarani usizibe masikio yote, honi ya lori huisikii. Mteja aliyepata ajali hanunui tena, na utu pia upo.

4. Mwanafunzi na mtu wa ofisini. Huyu anataka muonekano, anataka podi. Mpe podi, lakini podi uliyoijaribu.

5. Anayepiga simu nyingi, kama wakala au dalali. Kwake besi si kitu. Kitu ni maiki. Jaribu maiki kabla ya kumuuzia.

Mteja akiuliza "mna hedifoni?" usikimbilie kutuma bei. Muulize maswali mawili: unatumia simu gani, na utaitumia wapi. Hapo umeshapunguza nusu ya marudisho.

TUNDU LA SIMU LIMEKUWA TATIZO

Zamani jeki ilikuwa moja tu, ile ya duara ya milimita 3.5. Mwaka 2016 Apple wakatoa iPhone 7 bila tundu hilo, na simu nyingi za bei kubwa zikafuata. Kwa hiyo leo mteja anaweza kuwa na moja ya haya matatu:

Jeki ya duara. Hii bado ipo kwenye vitochi na simu nyingi za bei nafuu za Tecno, itel na Infinix, na hao ndio wateja wengi wa mkoani.

Taipu-C. Hapa kuwa makini sana. Simu nyingine hutoa sauti ikiwa tayari kupitia tundu la taipu-C, nyingine hutoa data tu na zinahitaji hedifoni yenye kifaa kidogo ndani yake cha kubadilisha data kuwa sauti. Hedifoni za taipu-C za bei ya chini sana mara nyingi hazina hicho kifaa. Ndiyo maana ileile inaimba kwenye simu yako, ukimpa mteja haiimbi kwenye ya kwake. Hajakudanganya. Muulize muuzaji wa jumla kama inafanya kazi kwenye simu zote za taipu-C, na ujaribu kwenye simu mbili tatu tofauti.

Tundu la iPhone. Kuanzia iPhone 7 mpaka 14 wanatumia Lightning. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 ni taipu-C. Mteja akisema "nina iPhone" muulize namba.

Kingine kwenye jeki ya duara: angalia mistari. Yenye mistari miwili haina maiki. Yenye mistari mitatu ina maiki. Kuna mipangilio miwili ya hizi zenye maiki, na isipolingana na simu, mteja atakuambia muziki unasikika kama uko ndani ya pipa, sauti ya mwimbaji imepotea, na akibonyeza kitufe cha kupokelea sauti inarudi. Hiyo siyo mbovu, haiendani tu na simu yake, hasa simu za zamani. Mbadilishie, usigombane.

JARIBIO LA DAKIKA TATU

Sasa hivi sichukui mzigo mkubwa bila kuagiza sampuli mbili au tatu. Nikipata sampuli nafanya hivi, na mzigo ukifika narudia kwa kila kipande:

1. Chomeka, weka muziki. Sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake. YouTube zipo video za kujaribu kushoto na kulia, pakua moja uwe nayo kwenye simu.

2. Muziki ukiendelea, kunja waya taratibu sehemu tatu: karibu na jeki, pale waya unapogawanyika mara mbili, na pale unapoingia sikioni. Sauti ikikatika au ikikwaruza hata mara moja, weka pembeni.

3. Angalia shingo ya jeki. Lazima kuwe na mpira laini unaopinda pamoja na waya. Kama waya unaingia moja kwa moja kwenye plastiki ngumu, hapo ndipo utakapokatikia. Jeki iliyopinda kama herufi L inadumu zaidi kwa mtu anayeweka simu mfukoni, kwa sababu haibanwi anapokaa.

4. Piga simu. Mpigie mtu aliyeko nje kwenye kelele na umuulize anakusikiaje.

5. Bonyeza vitufe vyote. Kupokea, kuongeza, kupunguza.

6. Angalia mipira ya masikio. Nzuri inakuja na saizi tatu. Mpira usiotosha sikio hufanya besi ipotee, na mteja atasema hedifoni ni mbovu kumbe ni saizi.

7. Kama ni ya redio, chomeka kwenye kitochi na utafute stesheni.

Dakika tatu kwa kipande. Vipande 30 ni saa moja na nusu. Ni muda mdogo kuliko kujibu meseji za lawama wiki nzima.

PODI NA ZA SHINGONI: USIDANGANYWE NA BOKSI

Kwenye hizi za Bluetooth kinachokufa kwanza ni betri. Boksi litaandika namba kubwa za kutisha. Tumia akili ya kawaida: podi moja ni ndogo kama punje ya mahindi, betri yake kwa kawaida ni mAh makumi tu, kama 30 au 50. Kikebe chake kwa kawaida ni mia kadhaa. Ukiona kikebe kidogo kimeandikwa maelfu, na kinadai kuchaji na simu pia, tilia shaka.

Njia ya uhakika ni saa ya ukutani. Chaji mpaka ijae, weka sauti nusu, cheza muziki, andika imeanza saa ngapi na imezima saa ngapi. Namba hiyo ndiyo ya kumwambia mteja. Mimi naandika kwenye tangazo: "Nimeipima mwenyewe, imeimba saa 3 na nusu." Watu wanaamini kuliko "saa 24".

"Bluetooth 5.0" au "5.3" ni toleo la mawasiliano tu. Halikuambii kama kitu kitadumu. Usipandishe bei kwa sababu ya namba hiyo.

Alama za maji ni hivi: IPX4 ni kuvumilia matone na jasho, siyo kuzamishwa. IPX7 ni kuvumilia kuzama kina cha mita 1 kwa dakika 30. Boksi la bei chee linaweza kuandika chochote, kwa hiyo usimwahidi mvuvi kwamba anaweza kuoga nayo. Na umwambie ikilowa aikaushe kabisa kabla ya kuchaji.

La mwisho kuhusu betri, na hili wengi hatulijui: podi zikikaa stoo miezi bila chaji betri zinakufa kabisa. Usijaze podi nyingi ukisubiri msimu wa sikukuu. Chukua kidogo, uza, chukua tena. Zilizokaa muda zichaji kiasi cha nusu kila baada ya miezi miwili.

FEKI: HAPA UNACHEZA NA MTAJI WAKO

Najua inavutia. Podi yenye jina la Apple, JBL au Samsung kwa bei ya kutupa. Usiamini kwa sababu iPhone imeonyesha ile picha ya podi kwenye kioo ukifungua kikebe, feki nyingi zinafanya hivyo pia. Namba ya siri ya kwenye boksi nayo inaweza kunakiliwa kutoka kwenye podi halisi.

Kuuza bidhaa yenye nembo ya kughushi ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia. Mzigo unaweza kukamatwa na kuteketezwa. "Nilinunua hivyo hivyo Kariakoo" haitakurudishia mtaji. Tukumbuke pia Juni 2016 TCRA ilivyozima simu feki, watu walibaki na vidude mkononi.

Kama unataka jina, chukua chapa zenye bei ya watu wetu na zenye mahali pa kuzirudisha. Mfano oraimo ni ya kampuni ileile ya Transsion inayotengeneza Tecno, itel na Infinix, na huduma yao baada ya mauzo ni Carlcare. Hata hiyo nayo inaigizwa, kwa hiyo nunua kwa anayekupa risiti. Na zile zisizo na jina kubwa siyo dhambi kuuza. Uza kwa jina lake: "podi za kawaida, nimezijaribu, warranti yangu siku 14."

MAKUBALIANO NA MUUZAJI WA JUMLA

Kabla hujatuma hela uliza mambo matatu kwa maandishi, siyo kwa sauti ya simu: mbovu za ndani ya boksi unabadilisha? Ndani ya siku ngapi? Nauli ya kurudisha ni ya nani? Akizunguka zunguka, tafuta mwingine. Mimi mzigo ukifika nafungua nikiwa narekodi video bila kukata, kuanzia utepe wa boksi. Video hiyo imenisaidia mara mbili.

Kama Dar ni mbali kwako, jaribu Mwanza. Bei inaweza kuwa juu kidogo, lakini unaweza kwenda asubuhi, ukajaribu mwenyewe kwa masikio yako, ukarudi jioni. Kwa anayeanza hiyo tofauti ya bei ni ada ya shule.

UNAVYOMWANDIKIA MTEJA

Acha picha za mtandaoni. Piga picha ile ile utakayompa. Andika: inafaa simu gani, haifai simu gani, maiki ipo au haipo, umeijaribu, warranti siku ngapi. Nyuma ya boksi andika tarehe ya kuuza kwa kalamu isiyofutika, itakusaidia akirudi.

Akilalamikia bei, mpe hesabu. Hedifoni ya 3,500 inayokufa kila baada ya wiki tatu, kwa miezi sita utanunua kama nane. Hiyo ni 28,000. Ya 10,000 ikidumu miezi sita tu umeokoa 18,000. Mama wa Nyasho anayeuza dagaa anaielewa hesabu hii haraka kuliko mimi.

Mpe na maneno ya utunzaji: asiviringishe waya kwenye simu kwa kukaza, avute jeki siyo waya, asafishe mipira ya masikio, asiazimane ovyo. Na sauti asizidishe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa lugha rahisi: usipite asilimia 60 ya sauti ya simu, na upumzishe masikio. Sikio likifa halina warranti.

MWISHO

Yule mzee wa Butiama nilimtumia hedifoni nyingine, ya waya, jeki ya L, kupitia dereva wa gari. Sikumtoza. Mpaka leo hajanunua kitu kingine kwangu. Lakini hajarudi tena kunirudishia, na kwenye gari la Butiama dereva yuleyule amenitumia wateja ambao sikuwatafuta.

Hedifoni ni kitu cha elfu chache. Mteja anayekuamini ukimuuzia hedifoni, kesho atakuamini ukimuuzia simu ya laki tatu. Ukimpiga kwenye hiyo ndogo, hiyo kubwa anainunua kwa jirani. Kabla hujabonyeza kutuma hela ya mzigo wiki hii, agiza sampuli mbili kwanza, uzikunje, upige nazo simu, ulale nazo siku tatu. Zikipona, agiza.

Kazi njema, na biashara ikubali.